Mkoba wa Kupakata

Mama yangu, Bi Kibibi wa Mapinga, ndiye aliyetufungashia mizigo kila safari ya Idi. Nguo nzito alizitanguliza chini, chaja alizizungushia kitambaa, pawabenki aliijaza chaji tangu jana yake. Dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta, ilikaa kwenye mkoba mdogo wa kupakata.

"Dawa haiwekwi kwenye buti," alituambia.

Mwaka jana, tukienda Pangani, shemeji yangu Najim aliupokea mkoba ule mlangoni mwa basi.

"Mama mkwe abebe mzigo nami nipo? Watu watanionaje!"

Mama alicheka, akamwachia asimfedheheshe. Mkoba ukaingia kwenye buti. Tulipopita Lugoba, vumbi lilimbana kifua. Basi likasimama, wakashusha matenga ya mananasi wakiutafuta. Ulipopatikana, tulikuwa tumeshamfunika kanga.

Kadari ya Mungu nimeikubali. Lakini matangani walimsifu Najim kwa adabu zake, na hilo halijanishuka.

Idi hii tumesafiri tena. Mlangoni mwa basi akaunyooshea mkono mkoba uleule wa Mama.

"Lete, shemeji. Utanitia aibu."

"Basi beba hiyo aibu," nikamwambia, nikapanda nao.