Jaji Kamwachia, Serikali Ikamchukua

Juzi, kwenye kaunta ya mahakama hapa Houston, mama mmoja wa Kitanzania aliniomba nimtafsirie. Alikuwa amepakata hotipoti ya pilau iliyofungwa kwa kanga. Jaji alikuwa amefuta kesi ya mwanawe, naye alikuja kumpokea.

Karani hakuinua macho. "Mwambie watu wa uhamiaji wameshamchukua. Hao ni serikali kuu. Sisi ni jimbo."

Mama akacheka, akidhani wamekosea mtu. "Mwambie jaji kasema aende nyumbani."

"Jaji wetu hana amri juu yao."

"Basi nitaenda kwa mkubwa wake."

Karani akanyoosha kidole kwenye bendera mbili nyuma yake, ya Texas, kisha ya Marekani. "Kila moja ina mahakama zake."

Kwetu mahakama ni ngazi moja: ukishindwa chini, unapanda juu. Hapa ngazi ni mbili, na unaweza kushinda kwenye moja ukasukumwa chini kwenye nyingine. Wenyewe wanausifu mpangilio huu, eti unamlinda raia. Sawa. Kijana yule si raia.

Mama alikaza fundo la kanga.

"Muulize basi, hao wa bendera ya pili wanapokea chakula?"