Vigingi vya Seremala

Jumanne, tarehe 11 Februari 2014, kiwanja cha seremala kilifyekwa, nyasi zikakusanywa katikati, zikachomwa moto. Hilo halina ubishi. Wamelieleza waliofyeka, amelieleza jirani aliyefunga madirisha kuzuia moshi, na amelieleza, bila kuulizwa mara mbili, mwanamke aliyewatuma, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pasi.

Mama Pasi ni dobi. Amenyoosha nguo za watu tangu usichana wake, katika kibanda cha mabati chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na hana simile na mikunjo. Akikutana nawe njiani kola yako imelala vibaya, ataiweka sawa kwanza, salamu itafuata. Mumewe, seremala wa milango na madirisha, alizoea kumtania kwa hilo.

"Siku nikifa, wewe utanipiga pasi kwanza ndipo unizike."

"Nikikupeleka ulivyo," naye humjibu, "malaika watauliza nani ameleta nguo isiyofuliwa."

Waliishi katika vyumba viwili vya kupanga, ambavyo mlango wake ulifikiwa kwa ngazi za saruji zilizolika kingo. Kiwanja walikuwa nacho, kilichoteremka kidogo upande wa nyuma, lakini seremala hakutaka kuharakishwa. Alisema ametengenezea watu milango maisha yake yote, na wa kwake hauwezi kuwa wa kubahatisha. Hakuchora chochote karatasini. Hakuwa mtu wa karatasi. Alichonga vigingi kwa mabaki ya mbao ngumu, na kila jioni baada ya kazi alikwenda kuvipigilia ardhini na kuvizungushia kamba. Kisha alikaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, akatazama. Asiporidhika, aling'oa, akapigilia upya. Mwisho wa yote nyumba nzima ilikuwa imelala pale chini, kwa kamba, ikisubiri kuinuliwa.

Siku moja alimchukua mkewe kwenda kuiona. Alimpitisha chumba hadi chumba, akimkataza kuruka kamba. "Pita mlangoni, wewe! Ukuta huo." Alimwonyesha ukumbi ambao angepita na kikapu cha nguo bila kugonga kiwiko. Kwenye pembe ya mbele ya kiwanja, mbali na nyumba, kulikuwa na mraba mdogo wa vigingi vinne. Haukufuatana na kuta nyingine. Ulikaa mshazari, kama mtu aliyegeuka kuitwa.

"Na hiki?"

"Hicho nitakuambia siku ya kuhamia."

"Choo?"

"Mama Pasi! Nikujengee choo mbele ya nyumba, wageni waanze na hicho?"

"Banda la kuku, basi."

Seremala alicheka mpaka akashika kiuno.

Kabla ya mvua za mwaka ule alipata kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia wote, na kikamchukulia maneno, kikamwachia mawili tu: "Hivyo hivyo." Yalikuwa maneno ya karakana, aliyozoea kumwambia mtu anayemshikilia ubao pale unapokaa sawa. Sasa yalikuwa jibu la kila kitu. Chai ina sukari? Hivyo hivyo. Mguu unauma? Hivyo hivyo. Kuoga sasa au baadaye? Hivyo hivyo. Macho yake yalisema mengi, lakini macho hayana kamusi.

Zile ngazi za saruji zikawa gereza. Ili atoke nje, majirani wanne walilazimika kumwinua na kiti chake cha magurudumu. Mwanzoni alikubali. Kisha siku moja mmoja wao alisema kwa utani, "Mzee ulitubebesha makabati, leo kabati ni wewe," wote wakacheka, na seremala naye akacheka nusu ya uso. Tangu siku hiyo akiona wanakuja alishika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, asiachie.

Hapo ndipo haja ya nyumba ilipogeuka kuwa dharura. Mama Pasi alitaka jambo moja: ile nyumba iliyolala kwa kamba isimame kama alivyoilaza mwenyewe, naye aingie na kutoka kwa mlango wake pasipo kubebwa na mtu.

Wa kwanza kuitikia alikuwa mdogo wake seremala, muuza rangi na vigae, anayejulikana kwa jina la Chapuchapu. Kesho yake tu alimleta mchora ramani, mtu mcheshi mwenye kalamu sikioni, ambaye nusu ya nyumba za mtaa zilipita mkononi mwake. Huyo alipima zile kamba kwa futi yake, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzee alijua kazi. Hapa nimebakiza kunakili tu." Alipofika kwenye mraba wa pembeni akasimama. "Hiki kimepotea njia."

"Alikiweka kwa makusudi," alisema Mama Pasi.

"Usijali, mama. Nitakiingiza ndani, kiwe stoo. Nyumba haikosi stoo."

Haikupita wiki, ramani ikawa mezani. Binti yao, muuguzi, aliitazama kwa muda mfupi tu, akaikunja.

"Mama, tutafute msanifu majengo."

"Msanifu!" Chapuchapu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Msanifu ni wa mabenki na maghorofa. Nyumba ya chini, vyumba vitatu, ya nini? Wewe ukitaka kukata kucha unamwita daktari bingwa?"

"Baba mdogo, huyo mtu wako huchora nyumba ile ile, anabadilisha paa. Hospitalini nawaona kila siku watu waliojengewa mabafu ambamo kiti hakigeuki. Wanaogeshwa mlangoni kama magari."

"Na huyo msanifu wako atatuchorea uwanja wa ndege, tuanze kutafuta ndege!"

Mama Pasi alikuwa akikunja shuka. "Hebu nielezeni taratibu," alisema. "Hawa wawili, tofauti yao hasa ni nini?"

Wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja akipandisha sauti juu ya mwenzake. Kilichobaki kichwani mwake, baada ya vumbi kutulia, kilikuwa kidogo: kwamba mmoja huchora nyumba unayomwambia, na ni mwepesi na nafuu, mwingine amesomea kukuuliza kwanza nyumba ni ya nini, huchunguza ardhi na jua, na hukaa na wajenzi mpaka paa lifunikwe. Aliona kuwa wote wawili walifaa. Aliona pia kuwa hakuwa na kipimo cha kuwapimia. Nguo angeishika akajua kitambaa chake. Karatasi ile yenye mistari ilikuwa mistari tu. Mtu pekee aliyeweza kuisoma alikuwa ameketi pale pale kati yao.

"Baba watoto, unasemaje?"

"Hivyo hivyo," alisema seremala.

"Mmesikia?" alisema Chapuchapu.

"Mmesikia?" alisema binti, wakati huo huo.

Binti alimpata msanifu kupitia mgonjwa aliyemuuguza. Akamwambia mama yake, "Anakuja Jumatano kuona kiwanja." Hakumwambia zaidi ya hayo, wala hakukuwa na sababu ya kumwambia zaidi.

Sasa, Mama Pasi ni mtu asiyeweza kumfungulia mgeni mlango kabla ya kupangusa kiti. Alipofikiria kiwanja kile, aliona nyasi zilizofika magotini na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye vichaka, na akaona aibu ya mume wake kuletewa msomi mahali pamejikunja vile. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini amkute mwenyeji ameoga. Jumanne asubuhi aliwatafuta vijana wawili wa kufyeka. Mwenyewe hakwenda, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mgonjwa. Aliwapa maagizo mlangoni, na maagizo hayo wote watatu wanayakumbuka kwa maneno yale yale: "Nataka pawe kama shuka iliyopigwa pasi."

Walifanya kazi nzuri. Jumatano msanifu alifika amevaa mabuti ya mpira, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliwasalimu, akatazama mteremko, akatabasamu.

"Mama, binti yako ameniambia mzee aliilaza nyumba yote kwa vigingi. Nimefurahi sana. Wateja wangu wengi huniletea picha za kwenye magazeti. Viko wapi?"

Mama Pasi alitazama. Ardhi ilikuwa tupu kutoka mpaka hadi mpaka, imepitishwa reki, ina mistari myembamba iliyonyooka. Katikati palikuwa na duara jeusi la majivu. Binti alipiga simu kwa mmoja wa wafyekaji, na sauti yake ilisikika waziwazi, yenye fahari kidogo: vile vijiti na kamba waliving'oa vyote, walidhani ni vigingi vya kufungia mbuzi, wakavichoma, wakafukia na matundu yake ili mtu asije akategua mguu.

"Mama," alisema binti, na mkono wake ukamfika mdomoni.

"Nilitaka pawe safi," alisema Mama Pasi.

Msanifu hakulaumu. Alichuchumaa, akapapasa udongo hapa na pale kutafuta matundu, akakata tamaa, akasimama kuuliza maswali. Mzee alikuwa akikaa wapi akitazama? Aliingia kutoka upande gani? Alipokuwa akitengeneza mlango, alianza na nini? Mama Pasi alijibu alichojua. Kuhusu mraba wa pembeni alisema tu kuwa ulikaa mshazari.

"Uligeukia wapi?"

Alinyoosha kiganja, akakiinamisha kulia. Kisha kushoto. Kisha akakishusha.

"Naweza kumchorea nyumba njema," alisema msanifu mwishowe. "Ataingia, atageuka, ataoga kwa heshima. Lakini itakuwa nyumba yangu inayomfikiria yeye. Ile yake mimi siioni. Aliyeiona ni mchora ramani."

Wakamwendea mchora ramani. Ucheshi ulimtoka alipoelezwa. Alisema alipima nyumba peke yake. Kile kimraba cha pembeni alikiona kama kosa, akakinyoosha. Kiligeukia wapi? "Mama, nikikwambia nakumbuka nitakuwa nimekudanganya."

Msanifu alituma mchoro wake hata hivyo. Jumapili mchana waliitandaza michoro yote miwili kwenye meza ya kupigia pasi, wakamsogeza seremala. Binti alimwonyesha wa msanifu, chumba kwa chumba. "Hivyo hivyo," alisema baba yake. Chapuchapu alimwonyesha wa mchora ramani. "Hivyo hivyo."

"Amesema wa kwangu kwa nguvu zaidi," alisema Chapuchapu.

"Alisema wa kwangu kwanza, baba mdogo."

"Wa kwanza ni wa adabu, wa pili ni wa moyoni!"

Mama Pasi aliuchukua mchoro wa mchora ramani, akaugeuza juu chini, mlango wa mbele ukaelekea nyuma, akauweka mbele ya mume wake aliyepima milango kwa nyuzi, vile vipande vidogo vya inchi, maisha yake yote.

"Huu je?"

Seremala aliutazama muda mrefu. Kidole chake cha kushoto kilifuata ukuta mmoja mpaka mwisho.

"Hivyo hivyo," alisema.

Chapuchapu aliketi.

Walimpeleka kiwanjani mara moja tu, kama jaribio la mwisho, naye safari hii akakubali kubebwa. Magurudumu yalizama kwenye udongo uliolainishwa, wakamsukuma kwa taabu. Alitazama majivu. Aliinua mkono wa kushoto, akauvuta pole pole hewani kutoka mahali hadi mahali, vidole viwili vimebana, kama mtu anayenyoosha kamba. Walimfuata kwa macho, wakajaribu kuona ilipoanzia na ilipoishia. Kisha mkono ulichoka, ukaanguka mapajani.

"Tuchukue ya mchora ramani," alisema Mama Pasi walipokuwa wakirudi.

"Mama, huyo aliviona akavidharau!"

"Lakini aliviona."

Nyumba ilisimama. Binti aliirukia ile ramani na kupanua kila mlango na bafu, na mchora ramani alikubali bila kubisha. Msanifu aliwapa shauri moja alipojulishwa kuwa hakuchaguliwa: pembe ile ya mbele waiache wazi, wasijenge kitu. Wakaiacha.

Seremala hutoka mwenyewe. Kila asubuhi hujisukuma kwa mkono na mguu wa kushoto, hupita mlangoni bila kubebwa, hukipita kizingiti, na kwenda moja kwa moja kwenye pembe ile, ambako nyasi zimefika magotini kwa sababu Mama Pasi hamruhusu mtu yeyote kuzigusa. Hukaa pale akigeuka mara upande huu, mara upande ule. Mkewe humfuata na chai.

"Ni hapa? Ilikuwa hapa, baba? Nilikuharibia?"

"Hivyo hivyo."

Ule mraba wa pembeni ulikuwa wa nini, haijulikani. Uligeukia upande gani, haijulikani. Kati ya wale wawili, seremala angemchagua nani kama angeweza kusema, haijulikani. Wala haijulikani kama nyumba anamolala sasa ndiyo ile aliyoilaza kwa kamba.