Msimwite Hilla

Raili Kemppainen alipeleka barua katika kijiji chetu tangu nilipoolewa huku mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo sijamsikia akipandisha sauti. Si kwamba ni mpole. Wanaomwona mpole hawajawahi kubishana naye. Akishaamua jambo hunyamaza, na akinyamaza ujue umeshindwa. Mimi ni jirani yake, nina mdomo wa kututosha sote wawili, ndiyo maana tumeelewana.

Alipofiwa na mume alijiletea mbwa jike, mweusi wa manyoya marefu, kutoka nyumba moja mjini Sotkamo walikokuwa wakimfukuza kwa fagio. Akampa jina la Hilla. Majira yote ya baridi ya mwanzo mbwa huyo hakukubali kuguswa. Jioni Raili alikaa sakafuni jikoni, amempa mgongo, anafuma soksi, kipande cha soseji kiko kando yake. Hamsemeshi wala hamtazami.

"Umeleta mbwa au umeleta mkwe?" nilimuuliza.

Akacheka, akaendelea kufuma. Theluji ilipoyeyuka, Hilla alikuwa analala juu ya miguu yake.

Oktoba iliyopita kaka yake Raili alifariki huko Oulu. Mbwa haendi mazishini, na mimi nilikuwa mbali kwa binti yangu aliyejifungua. Basi Raili akampeleka Hilla kwenye bweni la mbwa la Veijo Piippo, anayewatunza mbwa wa watu walio safarini, nje kidogo ya kijiji. Pazuri kwa macho: rangi mpya, maua dirishani, na Veijo mwenyewe anachekacheka mlangoni.

"Huyu hata uani usimtoe bila kamba," Raili alimwambia. "Uzio wako ataruka. Na akishaogopa, hata jina lake halisikii."

"Mama Raili, mimi na mbwa tumekua pamoja. Nenda kamzike kaka yako kwa amani."

Kila jioni Raili alipiga simu, na kila jioni Veijo alijibu vilevile: yuko hapa miguuni kwangu, ameshiba, anakoroma. Raili akamzika kaka yake moyo ukiwa umetulia. Aliporudi, basi lilimshusha kwenye geti la Veijo, kamba tayari mkononi. Mbwa hakuwepo. Alikuwa ameruka uzio asubuhi ya kwanza, alipotolewa uani bila kamba pamoja na mbwa wengine.

"Sikutaka kukupa presha," Veijo alisema. "Ulikuwa msibani."

"Aliyekuwa anakoroma miguuni kwako ni nani?"



Nilirudi kijijini siku ileile. Habari iliponifikia nilipanda gari niende kumtukana, na njiani nilikuwa nimeshachagua maneno. Nilimkuta Raili kando ya barabara anafunga kamba za buti.

"Matusi baadaye," aliniambia. "Kwanza mbwa."

Kwa aibu Veijo alikuwa amekusanya nusu ya kijiji. Watu wa moyo mzuri, lakini akili waliiacha nyumbani. Wengine juu ya pikipiki za magurudumu manne, wengine wanapiga filimbi, wote wanaita Hilla, Hilla, mpaka ndege wanahama. Na ulikuwa msimu wa kuwinda, bunduki zinalia kila upande. Mwindaji mmoja alimwona mbwa akikatiza barabara kuu, lori la magogo likamkosa kidogo tu. Hilla alikuwa analikimbia jina lake mwenyewe.

Raili alisimama mbele ya duka watu wote walipokuwepo.

"Rudini nyumbani," alisema. "Msimwite. Kila mkimwita anazidi kwenda mbali."

"Mama, theluji inakuja," alisema mmoja. "Na mbwa mwitu wameonekana ng'ambo ya ziwa."

"Najua."

"Sasa tukae tu?"

"Nitakaa mimi."

Wakaondoka wananong'ona kwamba msiba umemvuruga. Nikamvuta pembeni. "Shoga, una hakika?"

"Hapana," alisema. "Lakini njia yao nimeshaiona."

Akaenda kukaa nyuma ya kiwanda cha mbao, pale miti ilipokatwa, mahali Hilla alipoonekana mara ya mwisho. Akawasha moto, akachoma soseji moshi uende msituni, akatundika sweta aliyoivaa safarini juu ya kisiki. Kisha akaupa msitu mgongo, akaanza kufuma. Giza likimfukuza anarudi kulala, na kabla hakujapambazuka vizuri yuko palepale. Nilikuwa nampelekea kahawa na kumlaumu, yeye anakunywa kahawa na kuziacha lawama. Theluji ikaanguka kweli. Asubuhi yake tukakuta nyayo zimezunguka kisiki, na soseji iliyoachwa pale imeliwa.

"Anaweza kuwa mbweha," nilisema.

"Mbweha asingelala juu ya sweta," alisema Raili. Sweta ilikuwa chini, imegandamizwa katikati, na manyoya meusi yamenata.

Siku iliyofuata nilikuwa nammiminia kahawa nikamwona. Alikuwa ukingoni mwa misonobari, amekonda mbavu zinahesabika.

"Yuko nyuma yako," nilisema kwa pumzi tu.

"Najua. Tazama kahawa."

Hilla akaja. Hatua, anasimama, hatua, anasimama, mpaka Raili angenyoosha mkono angemgusa. Hakunyoosha. Veijo alikuwa ameleta kuni, amesimama kando ya gari lake, akashindwa kuvumilia.

"Mshike!" alisema, akapiga hatua mbele. Mbwa akayeyuka msituni.

Nilimwambia Veijo maneno yote niliyokuwa nimemwekea tangu siku ya kwanza, na mengine nikayapata hapohapo. Raili hakumtazama.

"Kaa chini, Veijo," alisema. "Mpe msitu mgongo."

Akakaa kwenye theluji, jitu zima lile. Kuanzia hapo alikuja kila siku na kuni, akakaa, hakusema neno.

Kisha ikaja asubuhi moja baridi kali, Hilla akatoka msituni moja kwa moja, akajilaza nyuma ya Raili, ubavu wake umegusa koti. Raili alimaliza mstari wa soksi aliokuwa anaufuma. Akainuka polepole, akashika njia ya kwenda nyumbani. Kamba aliiacha kwenye kisiki.

Nilipiga simu nyumba hadi nyumba: fungieni mbwa wenu, zimeni injini, mtoto asitoke. Walinisikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kwenye kona lori la magogo lilikuwa limesimama, dereva amezima mwenyewe, mikono juu ya usukani. Mapazia yalijaa nyuso. Raili mbele, mbwa nyuma yake, mimi na Veijo mbali kabisa, na njia nzima Raili hakugeuka hata mara moja kutazama kama anafuatwa. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, wala sikujifuta.

Akafungua mlango wake, akasogea pembeni, akatazama ukuta. Hilla akasimama kizingitini, mguu mmoja juu. Akanusa. Akaingia.

Veijo akasogea mpaka ngazini, kofia mkononi. "Mama Raili, nisamehe."

Raili alishika kitasa cha mlango.

"Uzio nimekusamehe," alisema. "Ulishaulipa kule kwenye theluji. Simu bado. Nilisimama kando ya kaburi la kaka yangu namshukuru Mungu kwamba mbwa wangu amelala salama. Hiyo bado, Veijo, na sijui lini."

Akafunga mlango taratibu, asije akamshtua mbwa.