Baba alitakiwa kuhasiwa, mimi mkalimani nikanyamaza

Habari zenu wakuu. Nimevuka miaka themanini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nguvu ya kutunga uongo sina.

Ni enzi za Mwingereza, kwetu Kinyangiri, Singida. Mimi kijana nimetoka kumaliza middle school, Kiswahili kinapanda. Baba mfugaji, anajua Kinyiramba tu.

Akaanza kushindwa kukojoa. Hakusema. Na kwetu mtoto haulizi habari za baba yake kuanzia kiunoni kwenda chini. Siku maumivu yalipomwangusha zizini ndipo tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali ya misheni.

Daktari Mzungu akampima, kisha akaniita pembeni. Kansa. Ndiyo hii ya tezi dume mnayoisikia. Tiba ya wakati ule ilikuwa kuondoa korodani, maana ugonjwa unalishwa na nguvu za kiume. Bila hivyo hamalizi mwaka.

"Mweleze baba yako," akasema.

Wakuu, mngemweleza?

Nikamwambia baba atapasuliwa kidogo tu.

"Wapi?"

Nikatazama sakafu.

"Basi nirudishe nyumbani."

Nikatoka nje nikalia. Akanikuta Mihambo, dresa wa pale, yule mfunga vidonda, Mnyamwezi aliyekaa kwetu hadi Kinyiramba kikamkolea. Wanyamwezi ni watani wetu, na mtani hana haya, hata msibani anamtania marehemu. Nikamwambia yote. Akaingia moja kwa moja hadi kitandani.

"Mtani, wanataka kukuhasi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba akamkazia macho, Mihambo akaendelea.

"Wewe umehasi madume mangapi?"

"Mengi."

"Yalikufa?"

"Hayakufa. Ndiyo yanayolima."

"Sasa unaogopa jembe?"

Baba akacheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli. Akanishika mkono.

"Mwanangu, kisu sikukiogopa. Niliogopa uso wako. Nilidhani nimeshakufa, unanificha."

Akapasuliwa. Nilimwogesha mimi, na hakugeuka pembeni. Nilimpenda baba yangu siku zile kuliko nilivyowahi kumpenda. Akaishi miaka sita mingine, analima, na Mihambo akija kututembelea anamwita maksai mbele ya mama.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza: anayemficha mgonjwa anamwacha peke yake.

Sasa kilichonileta humu.

Wiki iliyopita wanangu walinipeleka kupima Singida mjini. Tangu hapo wananong'ona jikoni, nikitokea wanaongelea mvua. Mkubwa wao ni member humu, na najua anasoma nyuzi zote. Majibu niliyaona, mwanangu. Kiingereza nasoma. Ni ugonjwa ule ule wa babu yako.

Wengine karibuni mtoe maoni. Mliouguza wazazi, mliwaambiaje?

Wewe mwanangu usikomenti. Njoo sebuleni, nimekaa.