Siku senta fowadi wetu alipopanga foleni ya kujiuzia sukari

Wakuu, heshima yenu.

Nimewahi kumwona senta fowadi akipanga foleni ili ajiuzie sukari mwenyewe, huku viongozi wa timu mbili wakimsimamia asijipendelee.

Sina faida ya kuwadanganya. Nilikuwa kwenye foleni hiyohiyo, nyuma yake kidogo, au tuseme nyuma ya jiwe lake. Jiwe nitalifikia.

Ni enzi za Ujamaa, Kariakoo. Nilikuwa winga wa akiba wa timu moja ya mtaa, upande wa Msimbazi. Mpira ulikuwa wa ridhaa, lakini wachezaji wazuri walihamahama kufuata zawadi. Leo kitenge, kesho tairi la baiskeli.

Viongozi wa ligi wakachoka, wakakaa, wakakubaliana. Kila mchezaji, awe nyota au wa akiba kama mimi, apewe nauli na sahani ya wali baada ya mechi, basi. Timu inaweza kumtafutia kazi, ila asipate chochote zaidi ya wenzake.

Vijana wa leo mnaita salary cap. Sisi tuliita makubaliano.

Senta fowadi wetu, Chande, alitafutiwa kazi ya kupima sukari kwenye duka la ushirika. Mshahara uleule wa wenzake.

Mliokuwepo mnakumbuka sukari ilivyokuwa adimu. Mama yake Chande alikuwa anapika vitumbua na kuviuza asubuhi kule Feri. Miguu ilishaanza kumsumbua, foleni haiwezi. Bila sukari hakuna vitumbua, na bila vitumbua nyumbani hakuliki. Chande angeweza kwenda timu yoyote. Alibaki kwetu kwa sababu ya ule mzani, maana anayepima hujipimia na yake bila foleni.

Tukaingia fainali.

Wapinzani walikuwa na katibu aitwaye Mapunda, ambaye pia ndiye golikipa wao. Mtu wa Songea, mpole sana, ila kwa vifungu humuwezi. Akasimama kikaoni:

"Ndugu wajumbe, mtu asiyepanga foleni anapata kuliko sisi sote humu."

Hata mwenyekiti wetu, Bwana Salehe, muuza vitambaa, aliitikia kwa kichwa, maana mkewe alikuwa kwenye foleni ya unga muda uleule.

Ikaamuliwa: Chande apange foleni kama raia wengine, la sivyo fainali hachezi.

Sukari ikaja siku ya fainali yenyewe.

Enzi hizo ukitaka kushika nafasi uliweka jiwe. Chande akaweka lake nje, akaingia kupima. Foleni ikisogea anatoka, analisogeza, anarudi kwenye mzani. Nilitaka kumsukumia kwa mguu, Mapunda akanizuia, tayari kavaa jezi ya golikipa. Eti huo ni upendeleo.

"Chande, unatuchelewesha bwana," akasema mama mmoja.

"Nisogeze jiwe au nikupimie, mama? Chagua."

"Pima kwanza. Jiwe halina watoto."

Jangwani uwanja ulishajaa. Hatimaye jiwe likafika mbele. Chande akatoka, akasimama dirishani na kikapu cha mama yake. Ndani hakuna mtu, na meneja hakuruhusu mwingine aguse mzani.

Akaingia ndani, akapima, akanyoosha mkono nje. Nje hakuna mtu.

"Na hii mliipigia kura?" akauliza mtu nyuma yangu.

Mapunda akafikiri. Muuzaji na mnunuzi lazima wawe wawili. "Lete, nikupokelee tuwahi mpira," akasema. Akashika kikapu, sukari ikamiminwa.

Bwana Salehe, aliyekuwa akisimamia kwa upande wetu, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Ndugu Mapunda, wewe si mchezaji? Foleni umepanga wapi?"

Mapunda akakitazama kikapu, akatutazama sisi wenye mawe. Kwa kifungu chake mwenyewe, golikipa alikuwa amepokea sukari bila foleni.

Fainali ikaahirishwa mpaka kikao kiamue. Kikapu kikashikiliwa kama kidhibiti, kikawekwa juu ya kabati la ofisi ya ligi. Chande akaeleza kwamba ni cha mama yake. Akaambiwa asubiri zamu.

Kikao cha kwanza wajumbe hawakutimia, mchele ulikuwa umeingia. Cha pili, mafuta ya taa.

Nilichojifunza ni kwamba ukiwawekea watu kikomo cha malipo, watalipana kwa kitu ambacho hukufikiria kukiandika. Kwetu kilikuwa kutosimama juani. Mnaofuatilia ligi za Ulaya, tuelezeni huko wanapitia mlango gani. Na kama humu yupo mjumbe wa kikao kile, namwomba ajitokeze, tumeshazeeka, hakuna wa kumfunga.

Maana mama yake Chande alikuwa anakuja ofisini akikokota miguu. Tunampa shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anauliza, "Kikapu changu mmeshamaliza kukijadili?"

Fainali haijachezwa hadi leo. Kikapu alirudishiwa, kitupu, na kila mjumbe anakumbuka kwamba siku sukari ilipotoweka yeye alikuwa kwenye foleni.