Nilimwambia Tata Namsikia Mama Akiimba

Admin, nifiche jina, huku kwetu Kisii tunajuana sana. Mimi ni mwalimu, mwanamke wa miaka 44, naishi Kiogoro. Msinitukane kabla hamjamaliza kusoma.

Marehemu mama aliimba kwaya ya kanisa, na sauti yake ilibaki kwenye santuri moja tu. Baba yangu, ambaye tunamwita Tata, alikuwa na kinanda cha santuri cha zamani, zile otomatiki: unabonyeza, mkono wenye sindano unajiinua, unajishusha kwenye santuri, ikiisha unarudi wenyewe. Mikono ilipoanza kumtetemeka alinipa nikitunze. Kila Sabato ya mwisho wa mwezi kaka humleta kutoka Nyaramba, aje amsikilize mkewe.

Sindano ilipoisha, fundi mmoja mjini alibadilisha kichwa kizima, kile wanachokiita katriji, akaweka cha bei rahisi. "Madam, ikiruka weka shilingi tano hapo juu, itatulia," akaniambia. Nikaweka, mjinga mimi. Kumbe uzito ule unaisaga santuri. Siku moja nilikuwa nimemkumbuka mama sana, nikageuza swichi irudierudie, nikawa nafagia huku nalia. Mara nikapigiwa simu, kuna msiba Magwagwa. Nikatoka mbio, nikakiacha kinaimba. Stima yetu, ambayo hupotea kila siku, siku hiyo ikakataa kupotea. Niliporudi jioni mkono ulikuwa bado unajiinua na kuanza upya, na mama hayupo. Ni mikwaruzo tu. Niliketi sakafuni nikalia mpaka sauti ikakauka.

Tata alipokuja nilikosa ujasiri wa kusema. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akaniuliza, "Mbona mimi nasikia tu kama mvua kwa mabati? Wewe unamsikia?"

"Namsikia, Tata. Anaimba vizuri."

Akasogeza sikio karibu na kinanda. Kisha akasema, "Basi masikio yangu yameisha. Imba naye, nijue amefika wapi."

Nikaimba. Mungu anisamehe, niliimba wimbo wote, yeye akifuta machozi kwa kofia.

Tangu siku hiyo Tata amejitenga. Ameacha kufundisha somo kanisani, na wazee wenzake wakimtembelea anawaambia wasijisumbue, hasikii. Lakini kuku akiingia jikoni yeye ndiye wa kwanza kumfukuza! Wiki ijayo kaka anampeleka kwa daktari wa masikio, na daktari atamwambia ni mazima.

Nikisema ukweli, anafiwa na mke mara ya pili, na aliyemuua ni mimi. Nikinyamaza, namzika baba yangu akiwa hai. Ndugu zangu mlio na wazazi wazee, nimwambieje mzee huyu? Naanzia wapi? Sabato hii anakuja, na jana alimtuma kaka aniambie nifanye mazoezi ya ubeti wa tatu, kwa sababu mama hakuuimba vile nilivyouimba.