Bido la Jovita Lililokwenda Kujazwa Mawese

Ukitaka kumjua Jovita, usimtazame anapouza ndagala, dagaa wa ziwani. Mtazame mteja anapomwomba apunguze bei: anamkodolea macho kama ameombwa figo. Kibanda chake kiko nyuma ya bandari ya Rumonge, kimeegemea ukuta wa ghala la Mama Cibalonza, mfanyabiashara wa mawese aliyetoka upande wa Uvira. Huyo mama akipiga chafya Rumonge, watu wa Minago wanampa pole.

Jovita alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, akarudi Burundi akiwa binti mkubwa, na Kiswahili kilichonyooka mno kwa masikio ya hapa. Akisema "samaki hawa wamevuliwa alfajiri," wateja humuuliza kama taarifa ya habari imekwisha au bado kuna michezo.

Aliporudi alianzia Bujumbura. Huko alijifunza kusuka nywele na, kwa mikono hiyohiyo, kujidunga busti, ile heroini ya vichochoroni. Sindano ilikuwa moja, inazunguka kama ndoo ya kuogea katika nyumba ya wapangaji wengi. Busti aliiacha, kwa shida na kwa matapishi ambayo hayahitaji kusimuliwa. Virusi alivyovipata kwenye sindano ile ndivyo vilivyokataa kumwacha. Basi anameza kidonge chake kila asubuhi, vipimo vinasema virusi vimelala hata mashine haivioni, na amenawiri kiasi kwamba waliokuwa wakimsubiri afe wameanza kumkopa ndagala.

Ndiyo maana ana kazi ya pili. Nyuma ya kibanda ametundika kitenge kikuukuu, na nyuma ya kitenge kuna kigoda na boksi. Wanaojidunga pale bandarini, wabeba mizigo, wavuvi, hata mwalimu mmoja wa zamani anayesahihisha sarufi ya kila mtu, huingia na sindano walizotumia na kutoka na mpya, ambazo shirika la afya humletea. Zilizotumika hutumbukizwa ndani ya bido la njano, dumu la plastiki kama ya mawese, likijaa linapelekwa kliniki kuchomwa. Hakuna mahubiri. Masharti ni kwamba ya mwenzako hutumii, na ukiteleza ukaitumia unamwambia Jovita siku hiyohiyo, hata kama ameshika pesa za mteja.

Mama Cibalonza hakujua lolote. Na alikuwa ameshatangaza mbele ya watu kwamba mla busti atakayemkuta kwenye ukuta wake atamkaanga kwa mawese. Jovita alijua maana yake: siku mama akijua, kibanda hakipo. Kibanda kisipokuwepo, wale watu watatawanyika vichakani, kundi zima na sindano moja, na yeye anajua mwisho wa hadithi hiyo kwa sababu aliimeza pamoja na chai asubuhi.

Sasa, mabido ya mawese yote ni ya njano, yanafanana kama watoto wa kwaya. Wauzaji huyatofautisha kwa kipande cha kitambaa kinachofungwa kwenye mshikio wa bido, kila muuzaji na rangi yake. Jovita naye alilifunga la kwake kitambaa chekundu, maana kwenye mafunzo ya shirika waliambiwa nyekundu ni hatari. Hakuna aliyewaambia kwamba kuanzia Muhuta hadi Gatete, nyekundu ni Mama Cibalonza. Kosa la aina hiyo hulifanya muuza samaki tu.

Asubuhi moja alitoka majini na karai la ndagala kichwani, akachungulia nyuma ya kitenge, akakuta bido halipo. Kigoda kilikuwepo, na juu yake Bienfait, mbeba mizigo mwembamba kama mti wa bendera, mmoja wa watu wake.

"Bienfait, bido liko wapi?"

"Amahoro, dada Jovita."

"Amahoro. Bido."

"Ile ya masindano? Clever amepita na velo, anakusanya matupu ya Mama Cibalonza. Akaona kitambaa, akabeba."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nilimusaidia kufunga kamba."

Jovita alitua karai polepole, kama mtu anayetua mtoto aliyelala. Clever ni mwendesha baiskeli anayepeleka mabido matupu kwa Casimir, mwenye mtambo wa kukamulia mawese kule Gatete. Huyafunga mlima mzima nyuma yake, yakagongana njia nzima, na katika kelele hizo hata kengele ya kanisa ingepita bila kusikika, sembuse sindano. Na pale mtamboni, kabla ya kujaza, wanainamisha bido na kulipiga kwenye kiganja kuona kama kuna uchafu. Kiganja kitupu. Tena siku ya kukamua, Mama Cibalonza mwenyewe hukaa palepale, kwa sababu hamwamini mtu yeyote na mawese yake.

Pikipiki hazikuwepo. Yaani zilikuwepo, zimepangwa foleni kwenye kituo kilichoishiwa mafuta, madereva wamelala juu yake midomo wazi. Ikabaki baiskeli aliyoiazima Bienfait kwa binamu yake, na Jovita akapanda nyuma.

"Dada Jovita," Bienfait alisema walipoanza kuacha nyumba za mji, "ndagala unaziuza ama unazikula?"

"Kanyaga."

"Ninakanyaga. Velo njo inakataa."

"Kanyaga, Bienfait."

"Kama ningejidunga asubuhi, tungekuwa tumefika."

"Kama ungejidunga asubuhi, tungekuwa mtaroni tunawasalimia vyura."

Mtamboni moshi ulikuwa umetanda, mapipa yanachemka, na pembeni kilima cha mabido ya njano yenye vitambaa vyekundu. Clever alikuwa ameshateremsha mzigo na kwenda zake kutafuta bia ya ndizi. Mama Cibalonza alikaa juu ya kigoda ambacho kilikuwa kinafanya kazi ngumu kuliko mtu yeyote pale.

"Jovita," alisema. "Samaki yako imekufia ama imekukimbia?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukusalimia."

"Kunisalimia Gatete, na tunakaa ukuta moja?"

Bienfait hakungoja salamu. Alishaingia kwenye kilima, anainua bido moja moja, analitikisa karibu na sikio, analiweka.

"Na huyu anatikisa mabido yangu sababu gani? Iko na kwaya?"

"Anatafuta yaliyopasuka, mama," Jovita alisema, na uongo ule ukamtoka umekonda hata yeye akauonea huruma.

Bienfait akasimama wima. "Haiko huku," alisema. "Iko pale."

Alionyesha kwa kidevu. Casimir alikuwa kwenye pipa la mwisho, ameshika bido ameliinamisha, kiganja kinakwenda kwenye mdomo wa bido.

Hapo Jovita alikuwa na nafasi ya kufikiri neno moja tu, na lililokuja halikuwa kibanda.

"Casimir, toa mkono. Mna sindano humo. Za watu."

Casimir aliganda. Akaliweka bido chini kwa vidole viwili, akarudi kinyumenyume mpaka akakutana na mgomba. Waliokuwa wakikoroga wakaacha kukoroga.

Mama Cibalonza alisimama, na kigoda kikapumua. "Sindano za watu gani?"

Siri ilikuwa imeshavuja, basi Jovita akaimwaga yote, kwa Kiswahili chake cha redio, bila kupumzika. Za watu wa busti. Nazikusanya nyuma ya kibanda. Nawapa mpya ili wasichangie, wasipate nilichokipata mimi. Ndiyo, mama, kwenye ukuta wako.

"Ukuta wangu."

"Wako, mama."

"Njo maana." Mama Cibalonza aliwageukia watu wa mtambo kama hakimu. "Kila siku ninajiuliza: ndagala yake iko na mchanga, bei yake iko ya wizi, lakini wateja hawaishe. Nilisema huyu mwanamke iko na dawa ya mvuto." Kisha akamshika Jovita mkono, akamvuta hadi nyuma ya rundo la mikungu ya michikichi, mahali ambapo hapana sikio.

Jovita alijiandaa kufukuzwa. Badala yake mama alivua kandambili, akainua mguu.

"Angalia hapo."

"Sioni kitu, mama."

"Kwa sababu ilipona. Mwaka jana, kule ufukweni tunapooshea mabido. Nilikanyaga sindano." Sauti yake ilikuwa imeshuka, hata haikuwa yake. "Sikumwambia mtu. Tangu siku ile nikikohoa, ninajizika."

"Ulipima?"

"Nikapime wapi? Nikae kwenye mstari na wamama wa kanisa?"

"Ungekuja siku ileile ungepewa vidonge vya kuzuia. Hivyo vinataka haraka, siku tatu zikipita havisaidii. Sasa tunapima tu, tujue."

"Na kama iko?"

"Utameza dawa, utanenepa kama mimi."

Mama Cibalonza alimtazama, akajitazama. "Miye nilishatangulia," alisema.

Walikwenda kliniki kesho yake, kwa mlango wa nyuma. Mama alivaa miwani ya jua na kitenge hadi puani, na kwa hiyo kila aliyepita alisimama kutazama ni nani. Alitobolewa kidole. Majibu yakatoka: hana. Akavua miwani, akapangusa macho, kisha akamgombeza nesi kwa kumtoboa kidole kama anapanda mihogo.

Walirudi hadi kibandani. Mama akafungua kitambaa chekundu kwenye bido, ambalo Bienfait alikuwa amelirudisha kutoka Gatete, akakitia kwenye sidiria.

"Nyekundu iko yangu," alisema. "Weye utafunga hii." Akampa kipande cha kitenge kikuukuu chenye picha za kuku. "Watu yako wakae. Lakini kila asubuhi, mbele wanawake hawajafika kuosha mabido, wapite ufukweni waokote sindano zote. Na uweke ndagala isiyo na mchanga. Miye siwezi kutetea mchanga."

"Murakoze, mama, asante sana."

"Usiseme murakoze. Punguza bei."

Jovita alimtazama kama ameombwa figo.

Siku iliyofuata Bienfait alikuwa ufukweni na koleo la kugeuzia mikeke, samaki wa kuchoma, kwenye makaa, bido la kuku likining'inia begani. Mama Cibalonza aliketi kwenye kigoda chake, anaelekeza.

"Kushoto, weye. Kushoto. Busti unaiona usiku bila taa, sindano kwenye jua hauione?"

"Ninaiona, mama. Nilikuwa ninakungojea useme."

"Okota, halafu njoo ukule. Na uoshe mikono. Tena ile koleo usirudishe kwa mwenye mikeke."